Feni zinazunguka, skrini giza: Unapojiundia kompyuta na vipuri vikataa kuelewana

Umebonyeza kitufe. Taa imewaka, feni zimeanza kuzunguka, na ukiweka mkono nyuma ya keisi unahisi kaupepo kakitoka. Unangoja. Monita inaandika kwamba haipokei chochote, kisha inalala. Unazima, unawasha tena. Vilevile.

Kama umewahi kujiundia kompyuta ya mezani nyumbani, iwe Nyeri mjini, Karatina, Chuka au Nanyuki, unaijua hiyo dakika. Kwa macho kila kitu kiko mahali pake. Pesa zimeisha. Na hujui ni kipuri gani kati ya saba kinachokuchezea.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Vipuri ni vizima, shida ni kwamba havielewani. Na kwa sababu hakuna moshi wala harufu ya kuungua, unaweza kukaa wiki nzima ukibadilisha vitu vizuri kwa vitu vizuri na bado usione mwanga.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe ndipo uniamini.

Nina binamu anayeishi upande wa Othaya. Kazi yake ni kurekodi harusi, ruracio na kwaya za kanisa. Kwa miaka miwili alikuwa akihariri video hizo kwa simu, na simu yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka. Bonasi ya majani chai ilipoingia, shangazi yangu akatoa Sh20,000, kijana akaongeza Sh18,000 zake, na mimi, kwa kuwa watu wa nyumbani wananichukulia kama mtaalamu, nikapewa jukumu la kuchagua vipuri.

Nilichagua haraka. Mashine ya ofisi iliyotumika, prosesa i5 ya kizazi cha 4, RAM ya GB 8, kwa Sh17,000. SSD ya Sh3,000. Monita ya zamani iliyotoka kwa saiba iliyofungwa, Sh3,500. Na kwa sababu alihitaji nguvu ya video, nikamwambia achukue kadi ya grafiki ya RX 570 iliyotumika, Sh9,500, ikatumwa kutoka Nairobi kwa matatu kama pasele.

Jioni ya Jumanne akanipigia. "Buda, hii kadi ina tundu la pini nane juu yake, na huku ndani hakuna waya ya pini nane. Niingize nini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimetazama bei na picha. Sikuwa nimetazama umeme.

Hebu tuongee kuhusu umeme, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wa huku kwetu hunaswa.

Wengi wetu hatununui vipuri vipya kimoja kimoja kama wale wa YouTube. Tunaanza na mashine ya ofisi ya mtumba, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotumika katika ofisi za Ulaya na Marekani, halafu tunaongeza kadi ya grafiki, SSD na RAM. Ni njia nzuri na hata mimi ninaipendekeza. Lakini mashine hizo ziliundwa kwa ajili ya karani wa kuandika barua na kufungua majedwali, na pawasaplai yake ilipimwa kwa kazi hiyo, si zaidi. OptiPlex 9020 ya mnara, kwa mfano, huja na pawasaplai ya wati 290. Ile ndogo ya kulala ina wati 255.

Sasa piga hesabu. Prosesa ya i5-4590 imepimwa wati 84. RX 570 inaweza kula wati 150. Ongeza diski, feni, RAM na madabodi yenyewe, uko karibu wati 280 na kitu, kwenye pawasaplai ambayo imefanya kazi miaka kumi. Hata kama ungepata waya wa kuchomeka, ungekuwa unaendesha lori la mchanga kupanda mlima kwa gia ya tano. Video ikianza tu kuchakatwa, mashine inajizima.

Kuna nambari moja ambayo ukiijua itakuokoa: 75. Tundu refu la PCI Express kwenye madabodi, lile unalochomeka kadi ya grafiki, linatoa wati 75 na basi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka kwa pawasaplai. Waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kwa hivyo ukiona kadi haina tundu la waya juu yake, ujue inakula wati 75 au chini. GTX 1050 Ti na GTX 1650 ziko na matoleo mengi ya aina hiyo. GT 1030 inakula 30 tu, ingawa pia usitarajie miujiza. Kwa mashine ya ofisi, hizo ndizo kadi zako. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya pesa za shangazi kupanda matatu kwenda Nairobi.

Badala ya kukubali kosa na kurudisha kadi, nilifanya lile ambalo kila mtu hufanya: niliongeza pesa juu ya kosa. Nikamwambia anunue pawasaplai mpya ya wati 550. Sh4,500. Ilifika Alhamisi.

"Hii plagi kubwa haiingii."

Bila shaka haiingii. Pawasaplai ya kawaida ya dukani ina plagi kuu ya pini 24. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye madabodi yoyote ya kawaida. Lakini kampuni kubwa zinazounda mashine za ofisi zina mitindo yao. OptiPlex 7010 ya mnara bado inatumia pini 24, na ukibadilisha pawasaplai yake huna presha. Ile iliyoifuata, 7020, na kaka yake 9020, zikahamia pini 8. EliteDesk 800 G1 ya HP inatumia pini 6. Ukiziangalia kwa nje zote ni masanduku meusi tu.

Dawa ipo, nayo ni adapta ya waya, upande mmoja pini 24, upande wa pili pini 8 au 6. Yetu ilikuwa Sh600, ambazo hazikuwemo tena kwa bajeti. Lakini tahadhari: adapta ya kampuni moja isiingizwe kwenye mashine ya kampuni nyingine hata kama inaonekana kutosha. Mpangilio wa volti kwenye pini hautafanana, na hapo sasa ndipo utapata ule moshi ambao hukuwa nao mwanzoni. Na mara nyingine keisi za ofisi zina nafasi ya pawasaplai ya umbo lake tu, hivyo pima kwa rula kabla ya kulipa.

Tukiwa bado kwa mambo ya umeme, angalia nyuma ya pawasaplai yoyote ya zamani. Zingine zina kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo, utasikia mlio mmoja na utanunua nyingine. Sukuma kiswichi kwanza.

Basi. Adapta ikaja Ijumaa. Feni zikazunguka, taa ikawaka. Skrini? Giza.

Kufikia hapo binamu yangu hakuwa akipiga simu tena, shangazi ndiye alipiga. "Kijana yangu, si ulisema wewe unajua hizi vitu?" Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Kulikuwa na video ya ruracio iliyofaa kupelekwa kwa wenyewe Jumapili baada ya kanisa, na mteja alikuwa amelipa deposti. Nikaabiri matatu Jumamosi asubuhi, bisibisi mfukoni.

Nilipofika nikagundua tatizo lilikuwa nyuma ya monita, mahali ambapo sikuwa nimefikiria hata kidogo. Monita ile ya saiba ilikuwa na tundu moja tu: VGA, lile la buluu lenye pini 15. Kadi ya RX 570 ilikuwa na HDMI, DisplayPort na DVI. Haina VGA. Binamu yangu, akiwa na akili zake, alikuwa amechomeka VGA kwenye tundu la mashine yenyewe, lile lililo kwenye madabodi. Lakini ukishaweka kadi ya grafiki, mashine nyingi hupeleka picha kwa kadi na kuzima tundu za madabodi. Kwa hivyo kompyuta huenda ilikuwa imewaka vizuri tangu Ijumaa, ikionyesha picha zake kwa ukuta.

Unaweza kusema, si kuna kile kiadapta kidogo cha DVI kwenda VGA, kile cheupe? Kipo, lakini kinafanya kazi na DVI ya zamani tu, ile yenye tundu nne ndogo kuzunguka ule mpasuo wa pembeni. Tundu hizo nne ndizo zilizobeba picha ya analogi. Kadi kama RX 570 na GTX 1050 Ti zina DVI ya kidijitali pekee. Tundu hizo hazipo na kiadapta hakiingii. Wengine huvunja pini za kiadapta ili kiingie. Kinaingia, na picha haiji, kwa sababu hakuna picha ya kubeba. Unachohitaji ni kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani yake. Si ghali, lakini uwe unajua unachoitisha dukani.

Nimekaa sana kwa kadi na umeme kwa sababu ndiyo yanayosumbua wengi. Sasa twende kwa wewe ambaye umeamua kununua madabodi na prosesa kando kando.

Prosesa na madabodi ni kama kufuli na funguo. Za Intel, kizazi cha 2 na cha 3 huingia soketi ya LGA1155. Cha 4 ni LGA1150. Cha 6 hadi cha 9 ni LGA1151, cha 10 na 11 ni LGA1200, na cha 12 hadi 14 ni LGA1700. Ukiona 1150 na 1155 ukadhani tofauti ya tano ni kitu kidogo, utapinda pini za soketi, na pini hizo kuzinyoosha ni kazi ya sindano, miwani na maombi.

Mtego mbaya zaidi uko kwa 1151. Prosesa za kizazi cha 8 na 9 zinaingia kabisa kwenye soketi ya madabodi za kizazi cha 6 na 7. Zinakaa, zinafungika, hakuna kinachoonekana vibaya. Lakini hazitawaka, kwa sababu zinahitaji madabodi zenye chipseti za mfululizo wa 300 kama H310 au B360. Muuzaji akikuambia "zote ni 1151, itaingia", hajakudanganya. Itaingia.

Upande wa AMD kuna wema wake na mtego wake. Soketi ya AM4 ilitoka 2016 na ikatumika miaka mingi, jambo zuri kwa mtu asiye na pesa nyingi. Lakini madabodi ya B450 iliyotoka kiwandani 2018 haikuwa ikijua kwamba Ryzen 5 5600X ingezaliwa Novemba 2020. BIOS yake, ile programu ndogo ndani ya madabodi inayoamsha kompyuta, lazima isasishwe ndipo itambue prosesa mpya. Na ili kuisasisha kwa njia ya kawaida unahitaji prosesa ya zamani inayowaka. Hapo umefungiwa nje na funguo ziko ndani. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Kama yako haina, omba muuzaji aisasishe kabla haijaondoka dukani kwake, au mtafute rafiki mwenye Ryzen ya zamani.

Halafu kuna herufi. Intel ikiandika F mwishoni, kama i5-9400F au i5-10400F, prosesa hiyo haina grafiki ndani yake. Ryzen 5 3600 na 5600X pia hazina, 5600G inayo. Bila kadi ya grafiki, prosesa za aina hiyo hazitaonyesha kitu hata ukichomeka HDMI kwenye madabodi mpaka kesho kutwa. Nadhani herufi hiyo moja imewanyima watu usingizi kuliko virusi vyote vya kompyuta.

RAM nitapita haraka. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kijipengo cha chini kiko mahali tofauti makusudi, kwa hivyo ikigoma kuingia usiisukume kwa kidole gumba. RAM ya laptopu ni fupi na haiingii mashine ya mezani ya kawaida. Lakini kuna aina mbili zinazoingia vizuri na bado hazifanyi kazi. Moja ni RAM ya seva, iliyoandikwa ECC Registered, ambayo huuzwa bei ya chini sana kwa sababu seva nyingi kuukuu zimevunjwa. Ya pili ni vile vijiti vya DDR3 vya GB 8 vya bei ya kutupa vinavyofanya kazi na madabodi za AMD tu. Kwa mashine ya Intel, vikiingia, giza. Soma maandishi yote kwenye tangazo, hata yale madogo ya chini.

SSD za M.2 pia zina ujanja. Kile kijiti chembamba, cha upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kinaweza kuwa SATA au NVMe, na vyote viwili vinafanana. Madabodi nyingine hukubali kimoja tu. Na kwa mashine za kizazi cha 2 na 3, hata ukitumia adapta ya kuchomeka NVMe kwenye tundu la PCI Express, mashine itakiona ukishafungua Windows lakini BIOS yake haitakubali kuwakia humo. Kwa mashine za zamani chukua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, uishi kwa amani.

Turudi kwa ile dakika ya giza. Uko nyumbani, sanduku liko wazi mezani, ni saa tatu usiku na baridi ya Nyeri ya Julai inakutafuta miguuni. Ufanye nini?

Usibadilishe vitu vitatu kwa wakati mmoja. Ukifanya hivyo, hata mashine ikiwaka hutajua ni nini kiliiponya, na ikikataa hutajua umeongeza ugonjwa gani.

Chomoa waya wa umeme ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha keisi ili umeme tuli wa mwili wako utoke, hasa kama umevaa sweta ya sufi. Kisha toa kila kitu ambacho mashine inaweza kuishi bila: kadi ya grafiki (ikiwa prosesa ina grafiki yake), diski zote, vijiti vya RAM isipokuwa kimoja, hata kipanya na flashi. Bakisha madabodi, prosesa na feni yake, RAM moja, pawasaplai na monita iliyochomekwa kwenye madabodi.

Washa. Ikionyesha nembo au ikilalamika kwamba haioni diski, furahi. Hilo lalamiko ni habari njema. Maana yake moyo unapiga. Zima, ongeza kipuri kimoja, washa tena. Kipuri kitakachorudisha giza ndicho mshukiwa wako. Inachosha, lakini saa moja ya kufanya hivi inashinda wiki ya kubahatisha.

Ikikataa hata ikiwa uchi hivyo, hamisha RAM kwenye tundu lingine. Kwa madabodi za tundu nne, kijiti kimoja mara nyingi hukaa vizuri kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa. Sugua ile mistari ya dhahabu ya RAM kwa kifutio cha penseli, taratibu, kisha ufute vumbi la kifutio. Usicheke. Nimeona mashine zilizotangazwa kuwa zimekufa zikifufuka kwa kifutio cha mtoto wa darasa la nne. Ukiwa Mweiga, Narumoru au upande wowote wa Kieni, vumbi ni mgeni wa kila siku na huingia hadi kwa tundu za RAM.

Angalia kona ya juu ya madabodi, karibu na prosesa. Kuna tundu la pini 4 au 8 la umeme wa prosesa pekee. Watu huchomeka ile plagi kubwa, wanasahau hii. Dalili yake ni hiyohiyo: feni, taa, giza.

Kisha toa betri ya madabodi, ile ya duara kama shilingi, CR2032. Subiri dakika tano, irudishe. Hii hufuta mipangilio ya BIOS na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Kama mashine ilitumika ofisini kwa mipangilio ya ajabu, mara nyingi hapa ndipo inaponyooka. Na kama kila ukizima umeme saa inarudi miaka ya nyuma, betri yenyewe imekwisha. Mpya inauzwa hata kwa duka la saa.

Sikiliza pia. Mashine za ofisi huongea: milio kadhaa, au taa ya kitufe kuwaka rangi ya machungwa, au nyekundu ikimeta idadi fulani ya mara. Hesabu milio hiyo, andika, kisha utafute kijitabu cha fundi cha mashine hiyo. Dell na HP huviweka vijitabu hivyo mtandaoni bure, na vinasema mlio gani ni wa RAM na upi ni wa prosesa. Ni bure na karibu hakuna anayevisoma.

Kama mashine inawaka lakini inazimika katikati ya kazi, au picha zinakuja na mistari, huo ni ugonjwa mwingine. Shuku joto au pawasaplai. Na kama ni kadi ya AMD ya mtumba ambayo draiva zake zinakataa kuingia, shuku historia yake. Kadi nyingi za RX 570 na 580 zilichimba sarafu za kidijitali kwa miaka. Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, zilimwagwa sokoni, na baadhi zilikuwa zimebadilishwa BIOS yake ili zichimbe vizuri. Kurudisha BIOS ya kiwandani kunawezekana, lakini si kazi ya kujifunzia kwa kadi ya pekee uliyo nayo.

Kuhusu kununua, nina ombi moja tu kwako unayeishi mbali na Luthuli Avenue. Sisi wa Mlima tunanunua kwa simu, tunatuma M-Pesa, na kipuri kinapanda sacco. Kikifika ukute hakiingii, nauli ya kukirudisha ni yako na lawama ni yako. Kwa hivyo kabla ya kutuma hata bob, omba picha ya lebo ya kipuri, si ya boksi. Omba video fupi kikiwaka. Tuma nawe picha ya ndani ya mashine yako, plagi zote zikionekana, umuulize muuzaji waziwazi: hiki kitaingia hapa na kitawaka? Akubali kwa maandishi kwamba kisipoelewana utabadilishiwa. Tovuti ya PCPartPicker itakusaidia kulinganisha vipuri vya kawaida, na programu ya bure ya CPU-Z itakuambia madabodi na RAM uliyo nayo bila kufungua sanduku. Lakini usitegemee tovuti pekee ikuambie plagi ya mashine ya ofisi ina pini ngapi. Hiyo ni ya kufungua na kuhesabu.

Jambo lingine la kupima kabla hujalipa: Windows 10 iliacha kupata msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka chipu ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo sababu mojawapo ya mashine za kizazi cha 4 kuwa rahisi hivi. Usizikimbie kwa sababu hiyo. Linux Mint inatembea juu yake bila kuhema, na Kdenlive, programu ya kuhariri video ya bure, inaingia humo. Ujue tu unachonunua.

Huwa inanichekesha kwamba kilomita chache kutoka mjini Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayojihusisha na kutengeneza semikondakta, vitu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, ilhali mimi nilishindwa kuhesabu pini nane.

Jumamosi ile, Othaya, nilifanya nilichopaswa kufanya Jumanne. Nikachomoa RX 570. Nikarudisha pawasaplai ya zamani. Nikachomeka VGA ya monita kwenye madabodi, kwa sababu ile i5 ina grafiki yake ndani na haikuwa imeulizwa kitu tangu ifike. Sekunde nane, nembo ikatokea. Binamu yangu hakusema chochote. Alivuta kiti, akaingiza kadi ya kumbukumbu ya kamera, akaanza kazi.

Ilikuwa polepole. Video ya dakika 40 ilichakatwa usiku kucha, na umeme ulipotea mara moja saa saba usiku, ikabidi aanze upya. Lakini saa nne asubuhi flashi ilikuwa tayari, na baada ya kanisa ikafika kwa wenyewe.

Kadi ile tulimuuzia mwanafunzi wa Nanyuki mwenye madabodi ya kawaida na monita ya HDMI, kwa hasara ya Sh1,500. Kwa pesa hizo tulinunua GTX 1050 Ti isiyo na tundu la waya, pamoja na kigeuzi cha VGA, nikaongeza kidogo kutoka mfukoni mwangu. Inafanya kazi hadi leo.

Pawasaplai ya wati 550 bado iko kwa boksi lake juu ya kabati la shangazi, na adapta ya Sh600 ndani yake. Kila nikienda huko huniuliza hiyo nyingine itafungwa lini.